Nyumba ya likizo Waa: hesabu ianze mwezi wa Mei

Ukifika Kibundani, pale barabara ya Dongo Kundu inapokutana na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ukakata kuelekea kusini, Waa si mbali. Zamani mtu wa Nairobi akitaka kuja huku alihesabu kwanza saa za kungoja feri. Leo anashuka treni Miritini, anaingia garini, anavuka madaraja ya Mwache na Mteza, na Likoni haioni hata kwa mbali. Diani ilishajaa siku nyingi, Tiwi nayo inajaa, na macho ya wanaotafuta kipande karibu na bahari yamesogea hadi kwetu.

Wanaotafuta si wageni peke yao. Wako walimu wenye mikopo ya vyama vya akiba, manesi, watumishi wa serikali wanaokaribia kustaafu, na vijana wetu walioko Ghuba na Uingereza wanaotaka kurudi siku moja na kukuta paa lao. Wote huambiwa maneno yaleyale na mabroka: nunua, ukija likizo utakaa mwenyewe, usipokuwepo wageni watakaa, na nyumba itajilipa yenyewe.

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo ninayotaka tuyapime leo. Nyumba haijilipi. Hulipwa na mtu anayeilalia, na swali la nani atailalia mwezi wa Mei ndilo linaloamua kama ununuzi ulikuwa wa maana. Nataja Mei kwa makusudi. Desemba kila nyumba ya pwani inapata wageni, hata ile isiyo na maji. Mei ni masika: mvua haikatiki, kusi imeshaanza, mwani umerundikana ufuoni, shule zimefunguliwa, na baadhi ya hoteli za Diani hufunga ili zipakwe rangi. Anayenunua nyumba kwa hesabu ya Desemba amenunua picha.

Njia tatu, na kila moja ina bei yake

Mwenye nyumba ya likizo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuifunga na kuifungua anapokuja. Ya pili ni kuipangisha kwa mwezi, kwa mpangaji mwenye mkataba. Ya tatu ni kuikodisha kwa siku, kwa njia ya Airbnb, Booking.com au marafiki wa marafiki kwenye WhatsApp.

Wengi hudhani njia ya kwanza haina gharama. Hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Nyumba iliyofungwa karibu na bahari haipumziki. Chumvi hula bawaba, misumari, nyaya na friji hata kama hakuna aliyeigusa. Mchwa hawangoji likizo. Makuti huoza na lazima yaezekwe upya kila baada ya miaka michache. Godoro lililofungiwa miezi minne ya unyevu hunuka ukungu. Na mlinzi analipwa kila mwezi, uje usije. Mwenye uwezo wa kubeba hayo kwa furaha ya kulala kwake mara mbili kwa mwaka, hiyo ni starehe yake na Mungu amzidishie. Ila aiite starehe, asiiite uwekezaji.

Njia ya pili na ya tatu ndizo zinazoleta mabishano, kwa hiyo tuziweke kwenye karatasi. Takwimu ninazotoa hapa ni za mfano. Kila mtu aweke za kwake, lakini asiruke mstari hata mmoja.

Tuseme nyumba ya vyumba viwili imenunuliwa kwa shilingi milioni 9. Ukiipangisha kwa 45,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 540,000. KRA inatoza mapato ya nyumba za makazi asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, kwa yule anayepata zaidi ya 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka, na ushuru huo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo zimetoka 40,500. Weka 60,000 za matengenezo. Unabaki na 439,500. Stima na maji analipa mpangaji.

Sasa nyumba hiyohiyo uikodishe kwa siku, shilingi 7,000 kwa usiku. Broka atazidisha 7,000 kwa siku 365 na kukuonyesha zaidi ya milioni mbili na nusu. Tusimfuate. Tuseme inapata wageni asilimia 40 ya mwaka, yaani usiku 146. Hiyo ni 1,022,000. Sasa toa. Msimamizi na mtandao wa kutafutia wageni, tuseme pamoja asilimia 25: 255,500. Mlinzi na mtunza bustani kwa 18,000 kwa mwezi: 216,000. Stima na maji, kwa sababu mgeni wa siku tatu huwasha kiyoyozi mchana kutwa: 180,000. Intaneti: 36,000. Kufua shuka na kusafisha kila mgeni anapotoka, mara 49 kwa 1,500: 73,500. Matengenezo, ambayo huwa mengi zaidi kwa sababu ya watu wengi: 120,000. Tozo ya utalii ya asilimia 2: 20,440. Jumla ya kutoka ni 901,440. Umebaki na 120,560, na hapo hujagusa leseni wala ushuru wa mapato.

Ipandishe hadi asilimia 60, yaani usiku 219, ambayo ni kazi kubwa kwa nyumba isiyo safu ya kwanza. Mapato ni 1,533,000. Ukipandisha stima na maji hadi 210,000, na kusafisha hadi mara 73, gharama zinafika 1,105,410. Umebaki na 427,590. Yaani umehangaika mwaka mzima na wageni, funguo zilizopotea na malalamiko ya usiku wa manane, ukafika karibu na pale alipokaa mwenzako mwenye mpangaji mmoja.

Simaanishi kwamba kukodisha kwa siku ni hasara kwa kila mtu. Anayeishi hapahapa, anayesimamia nyumba yake mwenyewe pamoja na mkewe au mwanawe, huondoa fungu kubwa la gharama ya msimamizi na kuliweka mfukoni. Nyumba kubwa yenye bwawa inayopokea familia tatu kwa pamoja ina hesabu nyingine. Ninachosema ni kwamba kukodisha kwa siku ni biashara ya hoteli ndogo. Yule anayekaa Dubai au Kitengela na hana muda wa kuiendesha, afadhali atafute mpangaji.

Wapangaji wapo, ila nao wanataka kutafutwa mapema. Kampuni ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake Desemba 2024, na soko la Ukunda na Diani lililozoea wafanyakazi wa mgodi linapaswa kujihesabu upya. Upande wa Waa tuna walimu wa shule zetu mbili za sekondari, ya wavulana na ya wasichana, tuna wafanyakazi wa Chuo cha Serikali pale Matuga, na sasa barabara mpya imefungua mlango kwa mtu anayefanya kazi upande wa Miritini akalala huku. Watu hawa hawatafuti bwawa la kuogelea. Wanatafuta maji yasiyokatika, usalama, na gari kufika mlangoni wakati wa mvua. Nyumba inayojengwa kwa ajili ya picha za mtandaoni mara nyingi haina hata moja kati ya hayo matatu.

Deni halijui msimu

Hesabu hiyo yote ni ya aliyenunua kwa fedha zake. Aliyekopa ana mlima mwingine. Mkopo wa milioni 6 kwa riba ya asilimia 14 unadai 840,000 za riba tu mwaka wa kwanza, kabla hujapunguza mkopo wenyewe. Rudi juu uangalie kiasi tulichobaki nacho. Hakuna njia hata moja kati ya zile inayozidi nusu na kidogo ya fedha hiyo. Pengo litatoka kwenye mshahara, na mshahara wenyewe una karo na hospitali.

Na utalii wetu huanguka bila hodi. Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliwahamisha wageni wao kutoka Mombasa baada ya serikali yao kutoa onyo la usalama. Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kwa sababu ya korona. Mwaka 2027 tuna uchaguzi mwezi wa Agosti, ambao kwa kawaida ni mwezi wa likizo ya shule na wa wageni wengi. Benki haitakuuliza kama kulikuwa na onyo, maradhi au kura. Tarehe ikifika, inataka fedha zake.

Kwa sisi Waislamu kuna swali linalotangulia hesabu, nalo ni riba yenyewe. Zipo benki nchini zinazofuata sharia, ambapo benki hununua pamoja nawe na wewe unalinunua fungu lake kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya sehemu iliyobaki. Soma mkataba wake kwa makini kama ungesoma mwingine wowote, kwa sababu jina zuri halipunguzi malipo ya kila mwezi. Na ukishaanza kupata kodi, kumbuka kwamba wanazuoni wengi wanasema zaka haiko kwenye nyumba unayopangisha bali kwenye fedha zilizobaki mkononi zikafikia kiwango na kupitiwa na mwaka. Muulize shekhe wako, usiniulize mimi.

Leseni si za hoteli peke yake

Kuna dhana kwamba nyumba yangu ni yangu, nikimpa mtu funguo kwa siku mbili hilo halimhusu yeyote. Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, nyumba za wageni wa muda mfupi, ziwe vila, apatimenti au nyumba ya familia inayopokea wageni, ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, mamlaka hiyo ilitaka wenye nyumba zote za aina hii wajisajili. Ipo tozo ya asilimia 2 inayokwenda kwenye Hazina ya Utalii. Kipo kibali cha biashara cha Kaunti ya Kwale. Na ipo KRA.

Mwenye nyumba asiyesajiliwa anaweza kupita miaka mitatu salama. Siku mgeni atakapoumia ndani ya bwawa, au polisi watakapomtafuta mtu aliyelala kwake bila kitambulisho kuandikwa, ndipo atajua kwamba hana bima itakayomtetea wala karatasi ya kuonyesha. Kuandika jina na kitambulisho cha kila mgeni hakugharimu kitu. Ni daftari la shilingi mia.

Kama unanunua apatimenti, ongeza swali moja. Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020 inampa mwenye kila nyumba hati yake, lakini pia inawaunganisha wenye nyumba wote katika shirika moja lenye kanuni. Uliza kanuni hizo zinasema nini kuhusu wageni wa siku, na ada ya matunzo ni kiasi gani kwa mwezi. Ukinunua kwanza kisha ukauliza, utakuwa umenunua nyumba ya kukodisha mahali ambapo majirani zako wanaweza kukuzuia usikodishe.

Hati nzuri juu ya msingi mbovu

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia, na ndipo ninapomwomba msomaji asome pole pole.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa na wengine. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanja Nyali, karibu na ufuo. Ilikinunua mwaka 2006 na ilikuwa na hati. Kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Mahakama ilifuatilia ardhi ile hadi ilikotoka, ikakuta ilikuwa nafasi ya umma iliyogawiwa mtu binafsi mwaka 1989 bila taratibu kufuatwa. Kwa kuwa mgao wa kwanza ulikuwa na kasoro, hati zote zilizofuata hazikuwa na kinga. Mnunuzi wa mwisho, aliyelipa fedha zake, alipoteza kesi.

Maana yake kwa Waa, Tiwi, Diani na Msambweni ni nzito. Kutafuta jina kwenye sajili ya ardhi Kwale na kukuta muuzaji ndiye mwenye hati hakutoshi tena. Inabidi uulize ardhi ilipataje kuwa ya mtu: ilitoka kwenye mpango wa makazi, kwenye shamba la ukoo, au ilikuwa njia ya wavuvi? Tume ya Ndung'u ilishaeleza mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa ovyo nchini, na fukwe zetu hazikusalimika. Wazee wa mtaa wanajua mengi kuliko karatasi. Kikombe cha chai na mzee mmoja aliyezaliwa hapo huenda kikakuokolea milioni kadhaa.

Yapo mengine ya kukumbuka. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Hakuna mwenye hati ya mchanga ule, hata awe na ukuta mrefu namna gani. Ibara ya 65 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni ikiwa na mwenyehisa mmoja asiye raia, kwa kifungu hicho si raia. Ardhi ya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini ina masharti ya ziada kwa asiye raia, na idhini ya Waziri inahitajika. Kijana wetu aliyechukua uraia wa nchi nyingine ahakikishe karatasi zake za uraia wa Kenya ziko sawa kabla ya kutia sahihi.

Na kuna mirathi. Mashamba mengi ya minazi huku bado yana jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu mmoja anauza robo eka, anapokea arubuni, na baada ya mwaka mashangazi wanatokea na fungu lao la halali. Mnunuzi anasema nimetapeliwa, mashangazi wanasema tumenyang'anywa, na wote wawili wanasema kweli. Dawa ni moja: mirathi ipite kwanza mahakamani, kwa Kadhi kwa waliokubali, kila mrithi ajulikane kwa jina, wanawake wakiwemo, ndipo mauzo yafanyike. Pale muuzaji ana familia kwenye nyumba hiyo, idhini ya mke au mume iandikwe.

Hata baada ya bei kukubaliwa, weka kando ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, pamoja na wakili na mpimaji. Na siku utakayoamua kuuza, asilimia 15 ya faida itakwenda KRA. Broka haziweki hizi kwenye tangazo lake.

Maji ni ya wote

Jambo la maji halizungumzwi mpaka bomba likauke. Visima vya Tiwi ndivyo vinavyosaidia kulisha Likoni na Diani. Ardhi yetu huku ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana, maji ya chumvi husogea ndani. Choo kikichimbwa juu ya mwamba uleule karibu na kisima, uchafu hupita bila kuchujwa vizuri. Nyumba kumi za likizo zenye mabwawa kumi zikijipanga kwenye mstari mmoja, kisima cha jirani aliyekuwa akinywa maji matamu kwa miaka arobaini kinaweza kuharibika bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Anayenunua aulize maji yanatoka wapi, ayapime maabara, na aangalie yakoje mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi, kabla ya mvua. Anayejenga apate kibali cha NEMA kwa haki, si kwa kununua karatasi. Tangi la kuvunia maji ya mvua linagharimu kidogo kuliko ugomvi wa kijiji.

Nani anabaki Waa

Mpaka hapa nimezungumza na mnunuzi. Lakini Waa ina watu wake, na wao ndio watakaobaki na matokeo.

Kuna miji duniani iliyoachia nyumba za siku zikamea bila mpango, kisha ikajuta. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba leseni zote za apatimenti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaendelea baada ya Novemba 2028, kwa sababu wenyeji walishindwa kulipa kodi za nyumba katika mji wao wenyewe. Sisi hatujafika huko. Lakini mwalimu anayetafuta chumba Ukunda anaelewa kisa hicho bila kutafsiriwa.

Nyumba inayopangishwa kwa mwezi huleta jirani: mtoto shuleni, mteja dukani, mtu msikitini au kanisani, mchango kwenye matanga. Nyumba ya wageni wa siku huleta kazi: wa kufua, wa kupika, wa kuleta samaki, bodaboda wa kupeleka na kurudisha. Nyumba iliyofungwa haileti chochote ila ukuta. Kaunti ingekuwa na busara kuliangalia hili inapotoza ada zake, ili anayeifungua nyumba yake kwa watu asibebe mzigo mkubwa kuliko anayeifunga mwaka mzima.

Na ukuta ndio unaoumiza zaidi. Wavuvi wetu wanashuka baharini kwa njia ambazo babu zao walizikanyaga kati ya majabali. Njia hizo nyingi hazijachorwa kwenye ramani yoyote. Kila kiwanja kinapouzwa na kuzungushiwa ukuta, njia moja inaweza kufa, na mvuvi aliyekuwa akitembea dakika tano na madema yake mabegani sasa azunguke nusu saa. Kikundi cha ufuo cha Waa, wazee na chifu wanapaswa kuziorodhesha njia hizi sasa, wakati bado zinapitika, na kuipelekea kaunti orodha hiyo kwa maandishi. Uamuzi wa Nyali umeonyesha kwamba mahakama zinaweza kusimama upande wa njia ya umma. Lakini mahakama inataka ushahidi, na ushahidi wa njia ni watu wanaoipita pamoja na karatasi inayoitaja.

Kuhusu tabia za wageni, malalamiko ni ya kweli: muziki hadi alfajiri karibu na madrasa, pombe, watu kutoka ufuoni na kupita mtaani nusu uchi. Haya yanarekebishika. Mwenye nyumba anaweza kuandika masharti yake, na mgeni anayeyakuta kabla ya kulipa mara nyingi huyaheshimu. Mwenye nyumba Mwislamu anayesema hayamhusu yanayotendeka chini ya paa lake kwa sababu fedha zimeshaingia, ajiulize mwenyewe usiku akilala. Lakini tusiwafanye wageni wote wabaya. Wapo wanaokuja na watoto wao kuona bahari tu, wakanunua pweza kwa bei nzuri na kwenda zao.

Kwa mwenye shamba

Neno la mwisho ni kwa yule mwenye minazi anayepigiwa simu na broka kila wiki. Hesabu niliyoiweka hapo juu ina somo kwako pia. Nyumba huchakaa kila mwaka na hula fedha za matengenezo. Kilicho chini yake hakichakai. Ukiuza eka, unapokea fungu moja ambalo likigawiwa warithi sita, likanunua pikipiki mbili na kumaliza harusi moja, limekwisha. Aliyenunua amebaki na kile kisichokwisha.

Zipo njia nyingine. Unaweza kukodisha ardhi kwa miaka maalumu, mwenzako akajenga, na muda ukiisha ardhi na kilichojengwa vikarudi kwa watoto wako. Mkataba wa aina hiyo ukizidi miaka miwili lazima usajiliwe, na uwe na kodi inayopanda kila baada ya muda, sio kiasi kimoja hadi kiama. Unaweza kuingia ubia: ardhi yako, fedha zake, na hisa zimeandikwa na wakili wako mwenyewe, asiwe wakili wake. Unaweza kuuza kipande kidogo ili ujenge vyumba vinne vya kupangisha walimu kwenye kilichobaki. Na kama lazima uuze chote kwa sababu ya maradhi au karo, hakuna wa kukulaumu, ila uza baada ya mirathi kukamilika na bei kuulizwa kwa mtathmini, sio kwa broka anayelipwa na mnunuzi.

Kwa mnunuzi, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kutoa arubuni, njoo Waa katikati ya Mei. Lala usiku tatu. Angalia barabara inapitika au imegeuka mto. Fungua bomba. Uliza nani anapanga hapa na analipa ngapi. Tembea na mzee mmoja hadi baharini uone njia inapita wapi, na kama inapita ndani ya kiwanja unachoonyeshwa. Ukishaona yote hayo, bado unaitaka nyumba, na una fedha za kuibeba mwaka mzima bila mgeni hata mmoja, basi nunua, na karibu sana. Ukiona huwezi kuibeba bila wageni, kodi nyumba ya mtu wiki mbili kila Desemba. Itakugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na chumvi itakula bawaba za mwingine.